Prinsi asiye mwana wa mfalme: ukoo wa Radziwiłł toka Lithuania mpaka kwa akina Kennedy

Swali: Shikamoo mzee. Mwezi uliopita nilienda Tengeru kuona makaburi ya Wapolandi, kijana aliyetutembeza akasema majina yote yanayoishia -ski ni ya watu wa damu ya kifalme. Halafu juzi naangalia kipindi cha akina Kennedy nikaona shemeji yake Rais anaitwa Prinsi Radziwill wa Poland. Sasa nauliza, hawa ni ukoo wa mfalme gani wa Poland? Na mbona jina lao halina -ski?

Marahaba mwanangu. Nianze na jibu fupi ili usikae na dukuduku: Radziwiłł sio ukoo wa mfalme yeyote wa Poland, hawajawahi kukaa kwenye kile kiti hata siku moja, na kwa asili wala sio Wapolandi, ni Walithuania. Na hiyo -ski ya kijana wa Tengeru nayo sio kweli, au tuseme ilikua na ukweli kidogo zamani halafu ukaisha. Sasa kaa vizuri manake habari yenyewe ni ndefu na mimi nikianza nasaba za watu hawa kunyamaza ni kazi.

Tuimalize -ski kwanza. Ile ni kama kusema "wa mahali fulani". Mwenye kijiji cha Potok ndo akaitwa Potocki, wa Zamość akaitwa Zamoyski, na ni kweli karne ya 15 na 16 wenye vijiji vya kujiita navyo walikua makabaila, mkulima alikua na jina lake la ubatizo na la utani basi. Lakini baadae kila mtu akaipenda, mafundi wa mjini, wakulima, wafanyabiashara, ikafika karne ya 19 watu wanaandikishwa majina ya kudumu na -ski imeshasambaa kila kona. Kowalski, ambalo ni moja ya majina yanayobebwa na watu wengi sana Poland, ndani yake kuna neno kowal, yani mhunzi. Na upande wa pili kuna vigogo kama Radziwiłł na Sapieha ambao -ski hawana kabisa. Radziwiłł limetoka kwa mtu, sio kwa kijiji. (Linatamkwa Rajiviu, ile ł yenye mkato ni kama w yetu.)

Mtu mwenyewe ni huyu. Mwanzoni mwa karne ya 15 kule Lithuania kulikua na bwana anaitwa Kristinas Ościk, Walithuania wanasema Astikas, mtu wa karibu wa mtemi mkuu Vytautas. Nchi yao ndo kwanza imetoka kwenye dini ya jadi, walibatizwa 1387, na mwaka 1413 pale Horodło Wapolandi na Walithuania, ambao nchi zao zilikua zimeungana, wakakaa wakapatana kwamba koo 47 za Poland ziwapokee makabaila wa Lithuania kwenye nembo zao. Ościk akapokelewa na askofu mkuu wa Gniezno, Mikołaj Trąba, kwenye nembo inayoitwa Trąby, baragumu 3 nyeusi za wawindaji. Mpaka leo hizo baragumu ndo nembo ya Radziwiłł.

Na hapa naomba uwe makini mwanangu, manake hapa ndo wengi wanaojifunza nasaba za Poland wanapotelea, hata wasomi kabisa. Nembo ya Poland sio ya familia moja. Nembo moja inaweza kubebwa na mamia ya familia ambazo hazina undugu wowote, wengine waliipata kwa kupokelewa kama Ościk, wengine kwa jirani, wengine kwa karani aliyekosea. Usiifikirie kama mwiko wa ukoo wa Waganda, ambapo wenye mnyama mmoja wanahesabiana ndugu na hawaoani. Wa Trąby anaoa wa Trąby na hamna anayeshangaa. Kwa hiyo mtu akija na picha ya nembo kutoka intaneti akasema "huyu ni babu yangu kwa sababu tuna nembo moja", mimi namwambia hapo bado hajasema kitu. Nasaba ni baba na mtoto, cheti kwa cheti, basi.

Ościk akamzaa Radvila, huyu akafariki 1477, na Wapolandi wakaliandika jina lake Radziwiłł. Radvila akamzaa Mikołaj ambaye watu walimwita Radziwiłłowicz, yani bin Radvila, na wajukuu wakabaki na Radziwiłł moja kwa moja, kama vile kwetu jina la babu linavyoganda likawa la ukoo mzima. Baadae walipotajirika wakajitafutia asili kubwa zaidi, wakasema wametoka kwa Lizdeika, kuhani wa dini ya zamani aliyeokotwa mchanga kwenye kiota cha tai, akamwagulia mtemi Gediminas ndoto ya mbwamwitu wa chuma na kumshauri ajenge Vilnius, na kwa Kipolandi radzi ni "anashauri". Hadithi nzuri sana na naipenda, ila hamna hata karatasi moja inayomuunganisha Ościk na huyo kuhani.

Mikołaj Radziwiłłowicz alikua gavana wa Vilnius na chansela wa Lithuania, akafa 1509, na kwa wanawe ukoo ukagawanyika milango mitatu (mtoto mwingine, Wojciech, alikua askofu, hakuacha mlango). Mtoto Mikołaj, mwenye jina la baba yake, akaanzisha mlango wa Goniądz, Jan mwenye ndevu akaanzisha mlango wa Nieśwież, na Jerzy, aliyeitwa Herkules kwa vita alivyoshinda, mlango wa Birże. Shika haya majina matatu manake kila Radziwiłł utakayemsikia anatoka humo, na walio hai leo wote wanatoka kwa Jan.

Sasa cheo. Hapa lugha yetu inatuchezea kidogo. Sisi tukisikia prinsi tunasema mwanamfalme, na mwanamfalme ni mtoto wa mfalme, kwa hiyo akili inaenda moja kwa moja kumtafuta baba yake mwenye taji. Lakini kwa Ulaya ile ya kati prinsi ni cheo tu ambacho kaizari anaweza kumpa mtu, unaamka kabaila unalala prinsi. Mwaka 1518 Kaizari Maximilian wa Kwanza wa Dola Takatifu la Kirumi alimpa cheo hicho yule Mikołaj wa Goniądz. Mlango wake ukakosa mtoto wa kiume ukafungika, na 1547 Kaizari Charles wa Tano akawapa tena binamu, Mikołaj Mweusi wa mlango wa Nieśwież na Mikołaj Mwekundu wa Birże. (Ndio, wote Mikołaj. Ukoo ule ulikua na akina Mikołaj mpaka wakaanza kuitana kwa rangi ya nywele na ndevu, ukisoma hati ya karne ya 16 imeandikwa "Mikołaj Radziwiłł" tu bila mwaka unaweza kulia.) Kwa hiyo cheo cha prinsi kilitoka kwa kaizari wa nje, sio kwa mfalme wa Poland. Na Poland wenyewe walikua hawapendi haya mambo hata kidogo, makabaila wote kisheria walikua sawa, maskini mwenye shamba moja na tajiri mwenye miji, mpaka Bunge lao 1638 likapiga marufuku vyeo vya kutoka nje. Radziwiłł wakapona kwa sababu chao kilikua kimeshatambuliwa.

Lakini najua utakachoniuliza, manake ukitafuta jina hili lazima ukutane na Barbara. "Si kulikua na malkia Radziwiłł?" Alikuwepo. Barbara, dada yake Mikołaj Mwekundu, kazaliwa 1520, mjane, mumewe wa kwanza alifariki 1542. Sigismund August, mtoto wa mfalme, akampenda na mwaka 1547 wakafunga ndoa ya siri, bila mama mtu kujua, bila Bunge kujua. Mwaka uliofuata baba akafariki, August akawa mfalme na siri ikatoka hadharani. Mama yake, Bona Sforza wa Italia, alikataa, na Bunge la 1548 pale Piotrków wabunge wakamsihi mfalme amwache, wengine walipiga magoti. Mfalme akagoma. Nampenda huyu kijana kwa hilo, nasema wazi. Barbara akavishwa taji Kraków tarehe 7 Desemba 1550 akiwa tayari mgonjwa, na tarehe 8 Mei 1551 akafariki, miezi mitano tu. Watu wakasema Bona kamtilia sumu, ila dalili zilizoandikwa ni za mtu aliyeugua muda mrefu. Mfalme akamsindikiza maiti yake toka Kraków mpaka Vilnius kwa sababu mwenyewe aliomba akazikwe kwao, na mwaka 1931 baada ya mafuriko kaburi lake likapatikana chini ya kanisa kuu la Vilnius.

Kwa nasaba sasa: Barbara hakumzalia mfalme mtoto. August naye akafa 1572 bila mtoto na nasaba ya Jagiellon, yani ukoo wake wa kifalme, upande wa wanaume ikaishia hapo. Kwa hiyo yeyote anayekwambia Radziwiłł wana damu ya wafalme wa Poland kupitia Barbara, mwambie taratibu tu kwamba hapo hakuna njia. Walichopata kaka na binamu ni vyeo na ardhi, na vingi mno.

Ukitaka kuwaelewa fuata ardhi, sio taji. Mikołaj Mweusi alikua Mprotestanti wa Calvin, akagharamia Biblia ya Kipolandi iliyochapwa Brest 1563. Wanawe wakarudi Ukatoliki, mmoja akawa kadinali, na mkubwa wao, Mikołaj Krzysztof, aliyeitwa Sierotka yani yatima kadogo (wanasimulia mfalme alimkuta akiwa mtoto analia peke yake akamwita hivyo), alisafiri miaka ya 1582 mpaka 1584 kwenda Nchi Takatifu na Misri. Misri akanunua maiti za kale zilizokaushwa, baharini dhoruba ikachachamaa, padri aliyekua naye akasema anaona mizimu, ikabidi zitupwe majini. Ameyaandika mwenyewe.

Ila jambo kubwa la Sierotka ni la mwaka 1586. Yeye na wadogo zake Albrycht na Stanisław wakaandikiana hati kwamba Nieśwież, Kleck na Ołyka zisiuzwe wala zisigawanywe, kila moja irithiwe na mtoto mkubwa wa kiume, mlango ukikosa mwanaume iende kwa ndugu wa mlango mwingine wa ukoo. Wao wanaita ordynacja. Fanya kama wakfu wa familia unaoujua wa pwani, tofauti ni kwamba hapa anayefaidi ni mmoja tu, na mabinti hawaguswi. Hati hii ndo iliyoufanya ukoo udumu. Koo nyingine kubwa za pale ziligawana mpaka zikaisha, hawa jumba la Nieśwież likakaa mkononi mwao, pamoja na mapumziko ya hapa na pale ya kunyang'anywa, mpaka 1939.

Mlango wa Birże ambao haukurudi Ukatoliki uliisha vibaya. Janusz Radziwiłł mwaka 1655, Warusi wako Vilnius na Waswidi wanaingia toka kaskazini, alisaini pale Kėdainiai kuiweka Lithuania chini ya Uswidi, akafa mwisho wa mwaka huohuo amezingirwa Tykocin, na Wapolandi wanamwita msaliti mpaka leo. Walithuania wengi hawasemi hivyo, wanasema alikua anaokoa nchi yake, na mimi nikiangalia hali ya mwaka ule siwezi kuwalaumu. Mlango ukamalizikia kwa mwanamke, Ludwika Karolina, aliyefariki 1695 akiwa ameolewa Ujerumani, na mali zake zikapiganiwa miaka mingi.

Kisa kingine cha mali na mwanamke. Dominik Radziwiłł wa Nieśwież aliingia vita upande wa Napoleon, akajeruhiwa Hanau akafa 1813, akaacha binti wa ndoa, Stefania, na mtoto wa kiume aliyezaliwa kabla ya ndoa. Yule wa kiume hakukubaliwa. Ardhi za ordynacja Tsar wa Urusi, ambaye ndo alikua anatawala huko wakati huo, akazipeleka kwa binamu wa mbali, Antoni Henryk wa tawi la Kleck, na zile zisizofungwa na hati ya 1586 akabaki nazo Stefania, zikaondoka naye alipoolewa na Wittgenstein. Ngome ya Mir ndo ilivyotoka mkononi mwao.

Huyu Antoni Henryk mkumbuke, ndo njia ya kufika kwa Kennedy. Alimuoa Luise wa Prussia 1796, mtoto wa mdogo wake Mfalme Frederick Mkuu, akawa mwakilishi wa mfalme wa Prussia pale Poznań, mpenzi wa muziki kiasi kwamba Chopin kijana alikaribishwa nyumbani kwake Antonin 1829. Binti yake Eliza akapendana na Prinsi Wilhelm wa Prussia. Sasa sikiliza, mama yake Eliza ni Hohenzollern kabisa, yani ukoo wenyewe wa wafalme wa Prussia, baba ni prinsi, na bado walisema hafai. Wataalamu wa nasaba wakaitwa, wakafukua ukoo wa Radziwiłł wee, jibu likarudi kuwa hawalingani na nyumba inayotawala. Ikapendekezwa aasiliwe na mtu wa ukoo wa kifalme, wakasema kuasili hakubadilishi damu. Mwaka 1826 mfalme akamwamuru mwanae aache. Eliza akafa kwa kifua kikuu 1834, hajaolewa. Wilhelm akaja kuwa Kaizari wa Ujerumani 1871. Kwa hiyo ukitaka kujua kama Radziwiłł walihesabiwa wafalme, swali hilo liliulizwa rasmi Berlin na jibu lilikua hapana, na lilimuumiza binti asiye na kosa.

Kaka yake Eliza ni Bogusław. Na sasa tumwite yule uliyemuona kwenye kipindi, twende naye kwa bin kama wazee wetu. Stanisław Albrecht, aliyezaliwa 1914, bin Janusz, bin Ferdynand, bin Bogusław, bin Antoni Henryk, bin Michał Hieronim ambaye 1774 alinunua jumba la Nieborów, bin Marcin aliyefungiwa ndani na ndugu zake wakisema amerukwa na akili, bin Jan Mikołaj, bin Dominik Mikołaj, bin Aleksander Ludwik, bin Sierotka, bin Mikołaj Mweusi, bin Jan mwenye ndevu, bin Mikołaj, bin Radvila, bin Ościk. Vizazi 16, na kila kiungo kina hati yake. Damu ya wafalme wa Prussia anayo kupitia bibi yule Luise, ila hiyo ni ya kikeni, na jina na cheo vinafuata kiumeni.

Huyu Stanisław alimuoa Lee Bouvier, mdogo wake Jacqueline Kennedy, mwaka 1959. Kwa hiyo yeye na Rais Kennedy walikua wanyumba, wameoa dada na dada. Na hapo alipokua anaitwa prinsi London na Washington, kwao cheo kilishafutwa kisheria, katiba ya Poland ya 1921 ilisema jamhuri haitambui nembo wala vyeo vya familia. Mwanae Anthony, mtengenezaji wa vipindi vya televisheni, alifariki kwa kansa Agosti 1999, wiki chache tu baada ya ajali ya ndege ya binamu yake John Kennedy mdogo.

Baba yake, mzee Janusz, hakuondoka. Septemba 1939 Wasovieti walimkamata Ołyka wakampeleka Moscow, wakamwachia. Mwaka 1945 wakamkamata tena pamoja na mkewe Anna, na Anna akafia kambini Krasnogorsk 1947. Mzee akarudi Warsaw, mashamba yameshachukuliwa na sheria ya ardhi ya 1944, Nieborów imekua makumbusho, akaishi kwenye nyumba ndogo ya kawaida mpaka alipofariki 1967. Na ukoo haujaisha, Konstanty Radziwiłł, daktari, alikua waziri wa afya wa Poland kuanzia 2015 mpaka 2018.

Nieśwież yenyewe leo iko Belarus na Ołyka iko Ukraine, ndo maana mtu akija kuniuliza "nataka hati za Radziwiłł wa Poland" inabidi nimtume Warsaw kwenye hifadhi ya hati za kale, halafu Minsk, halafu Vilnius. Kabla ya vita sehemu hizo mbili zilikua mikoa ya Nowogródek na Wołyń, na hapo ndo tunarudi kwako Tengeru. Wale Wapolandi karibu 5,000 walioletwa chini ya mlima Meru kuanzia 1942, kina mama na watoto wengi wao, walikua wamechukuliwa na Wasovieti 1940 na 1941 kwenye mikoa hiyohiyo ya mashariki, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, wakatokea Iran, ndo wakafika Afrika. Wengi walikua wakulima na wafanyakazi wa misitu, walowezi waliopewa viwanja, waalimu. Kwa hiyo yule kijana akisema walikua wa damu ya kifalme anawanyima historia yao halisi, ambayo ni nzito kuliko hiyo ya kubuni.

Ukirudi tena pale chukua daftari. Kwenye jiwe usiangalie -ski, angalia maneno z domu, maana yake "wa nyumba ya", baada yake ndo jina la kuzaliwa la mwanamke. Ukikuta jina linaishia -owa kwa kawaida huyo ni mke wa mtu, likiishia -ówna ni binti ambaye hajaolewa, ndo maana malkia yule anaitwa Barbara Radziwiłłówna. Andika mwaka wa kuzaliwa na mahali kama pameandikwa, andika na vile vimkato vya juu na chini ya herufi usiviache, l na ł kwao ni herufi mbili tofauti. Niletee hayo, tutakaa tuanze na kitabu cha ubatizo cha kijiji chake.